Marahaba Kabla ya Shikamoo

Jumatatu, 5 Mei

Najuta kumweleza Innocent mpango wangu. Kosa la kwanza la juma, na saa nne ya asubuhi haijafika!

Mpango wenyewe ni huu. Chama cha wasomaji cha hapa Makorora kimetangaza Alasiri ya Visa, Jumamosi hii. Kila mshiriki atasoma kisa kimoja cha kuchekesha, kisichozidi maneno mia nane. Kitakachoshinda kitachapishwa katika kijitabu cha chama. Mimi nina shahada ya Fasihi ya Kiswahili, daraja la kwanza. Nina pia miaka miwili bila ajira. Baba yangu kule Lushoto huwaambia waumini wenzake, kila Jumapili baada ya ibada, kwamba mwanawe Nehemia ni mwandishi. Ni haki yake kuonyeshwa maandishi.

Innocent naye anashiriki. Tulisoma darasa moja. Sasa anafundisha kijijini Moa, na kila mwisho wa juma huja mjini na kisa kilekile cha mbuzi aliyekula karatasi za mtihani. Nilimwambia kwamba mbuzi si dhamira. Akajibu kwamba hajapata kumwona mtu aliyecheka dhamira. Tukabishana mpaka simu yake ikaishiwa chaji. Naamini aliizima.

Mimi nitaandika kwa kanuni. Nimeshinda mezani. Kufikia jioni nina kanuni kumi na moja za kichekesho, zimepangwa, zimepigiwa mstari. Kisa bado. Shangazi Dorkasi, ambaye naishi kwake, aliuliza kama kanuni hizo huliwa na ugali au na mihogo. Nikamweleza kwamba kejeli ni silaha ya wasio na hoja. Akaondoa sahani.

Jumanne, 6 Mei

Kisa cha kwanza nilikipanga asubuhi: kijana msomi, mwenye akili nyingi, asiyeeleweka na jamii yake. Nikamsomea shangazi akiwa anachambua mchele. Palipopaswa kuchekwa hakucheka. Alicheka pale kijana anapojitazama kiooni na kuiwazia hatima ya taifa. Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Pale palikuwa pa huzuni! Nimekichana.

Mvua ilipokatika nikaenda dukani kwa Mzee Akbar kusoma gazeti lake, kama kila siku. Mzee Akbar anauza vitambaa, nyuzi, vifungo na zipu. Ana miaka sabini na sita. Alizaliwa mtaa huu huu, na Kiswahili chake ni kile cha Tanga ya zamani. Mara mbili amenisahihisha mbele ya wateja. (Mara zote mbili nilikuwa na hoja.) Huniita Profesa. Sijamkataza.

Leo mteja mmoja alimwomba asimulie kile kisa cha marehemu mkewe. Nimekisikia mara nyingi. Leo nilikisikiliza kikazi.

Ni hivi. Mwaka 1971 Akbar alichumbia kwa barua. Mchumba, Mehrunissa, alikuwa Jamnagar, India, na hakujua hata neno moja la Kiswahili. Akbar akamwandikia orodha ya safu mbili: kushoto Kigujarati, kulia Kiswahili. Maji, chumvi, mlango, asante. Alipofika kwenye salamu akajisahau. Kushoto akaandika shikamoo, kulia akaandika marahaba. Mehrunissa akakariri safu ya kulia, kama alivyoelekezwa. Siku ya kupokewa, bibi harusi wa miaka kumi na tisa akaingia chumbani, wanawake wazima kumi na wawili wanamngoja mkekani, naye akatangulia kwa sauti ya kengele: Marahaba!

Wanawake wakatazamana.

Akamgeukia wa pili: Marahaba! Wa tatu alikuwa mkunga wa mtaa, bibi wa Kidigo aliyezalisha nusu ya Makorora. Bibi yule akainuka mkekani, akapiga goti mbele ya yule binti, akasema: "Shikamoo, mwanangu. Aliyekwisha kuitikia atudai salamu. Mpeni, jamani." Wakampa, wote kumi na wawili. Tangu siku ile mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwamkia Mehrunissa shikamoo. Miaka hamsini na mmoja.

Na siku ya maziko yake, miaka mitatu iliyopita, wazee wa mtaa walipita mbele ya jeneza mmoja mmoja wakisema, Shikamoo, Mehrunissa. "Safari hiyo hakuitikia," husema Mzee Akbar. "Basi nikamwitikia mimi." Hapo kila msikilizaji husema, Shikamoo, Mehrunissa, na Mzee Akbar hujibu, Marahaba. Kisa kimekwisha. Yeye hurudi kupima kitambaa.

Mteja alicheka huku akijipangusa macho. Mimi pia, kabla sijajizuia.

Nikamwuliza Mzee Akbar, kwa ujumla tu, kitafiti, hadithi inayosimuliwa dukani ni mali ya nani. Alikuwa na pini mdomoni. Akasema hadithi ni ya anayeisikiliza vizuri.

Nimeichukulia kuwa ruhusa.

Jumatano, 7 Mei

Rasimu ya kwanza imekamilika kwa saa mbili. Maneno elfu moja mia tatu na arobaini. Yamezidi kwa mia tano na arobaini! Nilimpigia katibu wa chama kuhoji msingi wa kifalsafa wa kikomo hicho. Alisema kikomo ni kikomo. Akaongeza kwamba yuko sokoni.

Basi, kukata. Kwanza nimeiondoa orodha ya safu mbili. Inachelewesha. Msikilizaji amekuja kumwona bibi harusi, hakuja kusoma jedwali. Maneno mia mbili na kumi yametoka mara moja. Lakini bila orodha, kwa nini binti anasema marahaba? Swali zuri. Nilitembea chumbani nikitafuta jibu. Nimelipata: kwa sababu ni mjinga. Kanuni ya nne inasema mhusika wa kichekesho awe chini ya msomaji. Kisa kimekuwa chepesi papo hapo.

Kwa mtazamo wa kitaalamu, masimulizi ya Mzee Akbar yana kasoro hiyo hasa: mjinga wake ni yeye mwenyewe, naye hawi mjinga kwa muda mrefu wa kutosha.

Najuta sikuanza kukata mapema.

Alhamisi, 8 Mei

Rasimu ya tatu: mkunga wa Kidigo ametoka. Wahusika wamezidi. Badala yake wanawake wote wanaangua kicheko na bibi harusi anakimbilia jikoni kujificha. Ya nne: Mzee Akbar sasa ni Bwana Vifungo. Nimempa lafudhi ya Kihindi ile ya vichekesho vya redioni. Ni kweli yeye hasemi hivyo. Ni kweli anasema vizuri kuliko mimi. Lakini ukumbi utahitaji kitu cha kushika.

Rasimu ya tano: nimekata maziko.

Hapo nilisita. Nakiri. Kalamu ilikaa juu ya neno jeneza dakika kumi kamili. Hata hivyo kanuni ya tisa iko bayana: umoja wa hali. Jeneza haliingii katika kichekesho. Na ile shikamoo ya mwisho, ile ya kupokezana, ni kibwagizo kisicho na kazi. Nikapiga mstari. Yamebaki maneno mia saba tisini na nane. Mawili ya akiba!

Jioni nilipita dukani. Kaneez, mjukuu wa Mzee Akbar, ambaye hushona pale mlangoni kwa cherehani, aliziona karatasi zangu akauliza ni nini. Nikasema ni barua ya kuomba kazi. Uongo ulitoka laini, kana kwamba niliuandika. Alifurahi, tena kwa dhati. Akaniagiza nikamletee lile shati langu jeupe lisilo na kifungo cha kola, kwa maana mtu haendi kwenye usaili shingo wazi. Nikampelekea. Akachagua kifungo kimoja kutoka kwenye kopo la babu yake, cheupe, kinachong'aa, akakishona pale pale. Akasema Mungu akufungulie, kaka Nehemia.

Najuta kidogo. Kifungo kimependeza sana.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeshinda!

Innocent alisoma wa pili. Mbuzi akala mtihani. Watu wakacheka, lakini kwa adabu, kama watu wanaomfahamu mbuzi huyo. Mimi nilisoma wa tano, shati jeupe, kola imefungwa. Nilipotamka Marahaba ya kwanza ukumbi ulipasuka. Kwenye lafudhi ya Bwana Vifungo mwanamume mmoja alianguka kutoka kitini. Katibu alilazimika kugonga meza. Nimepewa saa ya ukutani na mahali pa kwanza katika kijitabu. Nimempigia baba. Amelia. Amesema atamwarifu mchungaji.

Kuna jambo moja, naliandika kwa ajili ya ukamilifu. Mzee Akbar alikuwepo. Shangazi alimwambia kwamba nasoma, naye akafunga duka siku ya Jumamosi, jambo ambalo halifanyi, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaketi safu ya pili. Sikumwona mpaka nilipofika kwenye lafudhi. Nilishindwa kuacha. Ukumbi ulikuwa wangu.

Nilipomaliza, watu wote wakasimama kupiga makofi. Yeye alibaki ameketi, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, mdomo umefunguka nusu. Nilidhani amechoka. Sasa, nikiitazama saa yangu mpya, nafahamu alichokuwa akifanya. Alikuwa akingoja. Alidhani haijaisha. Alikuwa tayari kuitikia.

Kisha akapiga makofi mawili, akatafuta kofia yake, akaenda zake.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani nilipokewa kama askofu. Mlangoni watu kumi na tisa (nimewahesabu) walinisalimu "Marahaba!" kwa lafudhi ya Bwana Vifungo. Mchungaji mwenyewe alitabasamu ndani ya ndevu.

Nyumbani hali tofauti. Shangazi Dorkasi hakuvua hata kitenge cha kanisani. Alisema yeye alikuja mtaa huu akiwa msichana, ametoka shamba la mkonge, hajui kukuna nazi. Aliyemfundisha ni Mehrunissa. Shangazi akamwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka thelathini. "Na katika miaka hiyo yote," akasema, "sikupata kumwona yule mama akikimbilia jikoni. Jikoni alikuwa akitembea."

Nilimweleza tofauti iliyopo kati ya mtu halisi na mhusika. Nilieleza vizuri, kwa mifano mitatu. Akasema na yeye ana tofauti ya kunieleza, kati ya wanaokula leo na wasiokula.

Nimekula ndizi mbili barazani.

Akaja tena mlangoni kuniambia jambo ambalo sikulijua. Alhamisi hii ni hitima ya Mehrunissa, mwaka wa tatu. Kila mwaka, baada ya dua na kabla ya chakula, Mzee Akbar humkumbuka mkewe kwa kisa kile, na mtaa mzima humwamkia. Ndiyo siku moja katika mwaka ambayo shangazi yangu huvaa viatu vyake vya kufunga.

Akasema mwaka huu hana hakika kama kitasimuliwa. Nikauliza nini kitamzuia Mzee kusimulia. Aliondoka na maganda ya ndizi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeona kitakachomzuia.

Pale kona, kijiwe cha bodaboda, vijana walikuwa wamekipata kisa changu kwenye simu. Kumbe kuna mtu aliyenirekodi. Mzee Akbar alipopita kwenda kufungua duka, wakamkaribisha kwa kwaya: "Marahaba, Bwana Vifungo!" Kwa lafudhi yangu. Kwa vituo vyangu! Sikuwahi kusikia maandishi yangu yakisomwa kwa ufasaha hivyo, na sikuwahi kutamani hivyo yasisomwe. Mzee Akbar aliwainulia mkono kama mtu anayepungiwa, akaendelea kutembea.

Nikamfuata mpaka dukani. Nikasema, Shikamoo, Mzee. Aliitikia kwa kichwa. Kwa kichwa tu. Neno lenyewe halikutoka.

Mteja akaingia kununua zipu, akamwomba amsimulie kile kisa, maana amekisikia kwenye simu na angependa kukipata kwa mwenyewe. Mzee Akbar akaninyooshea futi yake ya kupimia. "Mwenyewe yule pale," akasema. "Mwulize."

Mteja aligeuka kunitazama kwa furaha. Nikajifanya nachagua nyuzi.

Kaneez aliniita mlangoni. Akauliza kama usaili ulikwenda vyema. Akasema ana swali: bibi yake alikimbilia jiko lipi, lile la mbele au lile la uani? Kisha akasema kola yangu imekaa vibaya, nisogee. Nikasogea, mpumbavu mimi. Akachukua mkasi, akakata kifungo, akakirudisha kwenye kopo la babu yake. Kililia ting.

Nimerudi nyumbani shingo wazi.

Jumanne, 13 Mei

Nimeandika barua ya kuomba radhi. Kurasa nne. Nilianza na dhana ya umiliki katika fasihi simulizi, nikapitia wajibu wa msanii, nikahitimisha kwa kusema: "Nasikitika sana kwamba ulikwazika." Niliifanyia marekebisho mara tatu. Ni kazi nzuri. Nilimpa mkononi.

Saa nane mchana ilirudi. Kaneez aliileta, akaiweka mezani kwa vidole viwili. Mzee Akbar alikuwa ametia alama moja, kwa ile chaki ya bluu ya mafundi, chini ya sentensi yangu ya mwisho. Pembeni, kwa mwandiko wa zamani ulioinama:

"Profesa. Aliyekwazika ni mimi. Anayesikitika ni wewe. Aliyekosa yuko wapi?"

Nimeisoma sentensi ile tena na tena. Ni kweli. Hamna mtenda. Nimesoma sarufi miaka mitatu, nimefundishwa kauli zote za kitenzi, na nilipofika mahali pa kusema nilikosa, nikachagua kauli ambayo ndani yake hakuna mtu.

Nilitoa kalamu niandike, "Nilikukosea." Nikaliona fupi mno. Nikaongeza utangulizi. Ilipofika kurasa mbili nikaichana.

Najuta. Hili naliandika bila maelezo.

Jumatano, 14 Mei

Mpango mpya! Chanzo cha madhara ni kijiwe; basi tiba ianzie kijiweni. Nilichukua boksi la sabuni la shangazi, nikachora safu mbili kubwa, kushoto na kulia, nikaenda kuwaeleza vijana wa bodaboda kisa cha asili. Niliwaonyesha kwamba kosa lilikuwa la safu, wala si la binti. Niliwatajia mkunga, goti, maziko, kila kitu. Nilizungumza dakika ishirini na tano. Walisikiliza kwa makini ambayo sikuyapata chuoni. Mmoja aliuliza maswali mazuri kabisa.

Saa kumi na moja Mzee Akbar alipofunga duka na kupita pale, walisimama wote kwa heshima, wakainua mikono pamoja, wakaimba:

"Kushoto! Kulia! Marahaba!"

Hakuinua mkono safari hii.

Shangazi anataka boksi lake.

Alhamisi, 15 Mei

Nilikusudia kutokwenda. Shangazi alivaa viatu vyake vya kufunga, akasimama mlangoni kwangu. Nikaenda.

Wanaume tulikuwa barazani, kwenye mikeka, wanawake ndani, pazia katikati. Dua ikasomwa. Harufu ya biriani ikawa inapita juu ya vichwa vyetu. Kisha kila mtu akamtazama Mzee Akbar, kwa maana ndiyo saa yake.

Alianza. Nilishusha pumzi. Barua, Jamnagar, safu mbili, maji, chumvi, mlango. Sauti yake ilikuwa ndogo kidogo, lakini ilikwenda. Binti akaingia chumbani. Mzee Akbar akasema: "Akatangulia, Marahaba!"

Nao wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya. Hapo hucheka kila mwaka. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa kipya. Kilikuwa cha ukumbini, na mtu mmoja nyuma, asijijue, akalirudia neno kwa lafudhi ya Bwana Vifungo.

Mzee Akbar alikoma hapo hapo. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama mkeka ulio mbele yake, mahali pasipo na mtu, kama anayengoja mgeni aliyechelewa. Tukasikia mvua ikianza juu ya bati. Mzee mmoja akakohoa.

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama. Nikasema: wa tatu alikuwa mkunga wa mtaa, bibi wa Kidigo. Sikuwa na karatasi. Nikasema aliinuka mkekani. Nikasema alipiga goti. Nikasema maneno yake kama nilivyoyasikia dukani, bila kuongeza wala kupunguza, aliyekwisha kuitikia atudai salamu, mpeni, jamani. Nikafika kwenye maziko. Kwenye neno jeneza kalamu, yaani ulimi, ulikwama, nikalisema.

Wazee wakasema, Shikamoo, Mehrunissa.

Tulimtazama Mzee Akbar. Alikuwa amevua miwani na kuishika magotini, na midomo yake haikusogea. Nilihesabu sekunde, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu: nilifika ishirini na mbili.

Ndipo nyuma ya pazia sauti ya Kaneez ikaitikia, taratibu, kama mtu mzima aliyezoea kuamkiwa:

"Marahaba."

Biriani ikaletwa. Sikuweza kula. Nilikula kidogo. Ilikuwa tamu na nilijichukia.

Ijumaa, 16 Mei

Mzee Akbar aliniita dukani baada ya sala ya Ijumaa. Kaneez alikuwa amekwenda kula. Niliingia nikasema, kabla ya salamu, kabla sijapata nafasi ya kuandaa utangulizi: Nilikukosea.

Akasema, "Haya. Hiyo ndiyo barua." Akanionyesha kiti.

Akanieleza jambo ambalo naliandika kama alivyolisema. "Mimi, Profesa, kila nikisimulia, nilikuwa namwona yule mkunga akiinuka. Namwona na kanga yake, ya rangi ya samli. Ndiyo sababu nasimulia, sisimulii kwa ajili yenu. Tangu Jumamosi nafumba macho, nafika mkekani, yeye haji. Naona watu wako wa ukumbini wacheka. Nimemngoja jana mbele ya wageni, hakuja. Ulimpeleka wapi?"

Nikasema: rasimu ya tatu.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jina la mji wa mbali. Akasema amenisamehe. Lakini kisa kile hatakisimulia tena. Kaneez atakisimulia, kwa kuwa yeye hakuwepo na hana cha kupoteza. Nililia. Naliandika hili kwa sababu shajara haina maana kama si ya kweli. Nililia juu ya kitambaa cha pazia, mita mbili na nusu, naye akakisogeza kisilowe.

Kisha akafanya jambo la ajabu. Alisema ana kisa kingine cha Mehrunissa, ambacho hajamsimulia mtu yeyote, hata Kaneez. Alikificha kwa sababu mkewe alimwapisha. Akasema ananipa mimi, ili nijue ni uzito gani kuwa na kitu cha mtu mdomoni na kukinyamazia. Nikaapa, mkono juu. Maneno ya kiapo aliyatunga yeye: sitakitia wino.

Akanisimulia. Kifupi, dakika tatu. Sijapata kusikia kisa kizuri kama hicho maishani mwangu.

Hata humu sitakiandika. Kurasa hizi ni wino.

Nilipotoka nilisema, Shikamoo, Mzee. Akaitikia kwa neno lenyewe, zima. Kaneez alikuwa anarudi. Alinitazama shingo, akaingia ndani, akatoka na kifungo. Cha kahawia, hakifanani na vingine. Akasema ndicho ninachostahili kwa sasa.

Mimi ni mtu mpya. Najuta kwa njia iliyo sahihi, nadhani kwa mara ya kwanza. Nimezichana zile kanuni kumi na moja.

Jumamosi, 17 Mei

Innocent amepiga simu. Chama kimetangaza Alasiri nyingine mwezi Juni, safari hii visa vya mahaba. Kikomo kilekile. Anasema mbuzi wake atapata mchumba. Nilimwambia kwamba nimeachana na mambo hayo, kwamba kuna visa ambavyo heshima yake ni kutosimuliwa. Nilizungumza vizuri sana. Akasema basi kijitabu cha pili kitaanza na mbuzi.

Nimewaza tangu hapo.

Kwanza, nilichoapa ni kutotia wino. Nimefungua kamusi. Wino ni kiowevu. Kiapo chochote hufasiriwa kwa maneno yake, la sivyo lugha ina kazi gani? Pili, kisa kisichoandikwa hupotea, na Mzee Akbar ana miaka sabini na sita. Tatu, nitabadilisha majina. Yeye sasa ni Bwana Zipu.

Ni hivi, kwa muhtasari. Siku ya tatu tu baada ya harusi, Mehrunissa aliichukua ile orodha, akaitazama, akaligundua kosa. Akajua kwamba amewaitikia wakubwa zake kabla ya kuamkiwa, na kwamba wao wamempigia goti. Mumewe akataka kwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Akamshika mkono. Akamwambia kwa Kigujarati: Nyamaza. Nimevuka bahari, sina mama hapa, sina dada, na mtaa mzima umenipa cheo. Acha nikistahili kwanza, nitawaambia baadaye kwamba najua. Akajitahidi kukistahili miaka hamsini na mmoja, na kila mwaka alipoulizwa na mumewe kama wakati umefika, alijibu: Bado kidogo.

Rasimu ya kwanza iko mezani. Nimetumia kalamu ya risasi, hata humu leo, kwa hiyo kiapo kiko salama. Imetoka kwa mkupuo mmoja, bila kanuni hata moja, isipokuwa ile ya tisa, ambayo nimeikumbuka.

Najuta jambo moja tu. Imezidi maneno arobaini. Nikimtoa mume, itatosha.